Sakafu ya Rangi ya Simsim

Kifuniko cha birika langu la kutawadhia kimelegea. Kila ninapolinyanyua kabla ya alfajiri kinagonga mara mbili, ti-ti, hata nikilishika kwa uangalifu. Kwa miaka kumi na mmoja nyumba ya mwanangu Lukumani, kule Arua Hill mjini, iliamka kwa sauti hiyo. Asubuhi ninayoisimulia kiligonga kijijini Dranya, katika nyumba yangu ya zamani, na aliyekisikia ni wifi yangu Keji peke yake. Kati ya uwanja wake na wangu hakuna hata ua.

"Rashida!" aliita kutoka kwake. "Umezima taa?"

"Taa sijaiwasha."

"Na moto?"

"Moto wa nini saa kumi na moja, Keji?"

"Nakuuliza tu. Nimeambiwa nikuulize."

Keji ana mdomo mkali na moyo laini. Siku zile alikuja kila jioni kuangalia kama nimefunika makaa, kama nimefungia kuku, kama nimekula. Alinitania kwamba nikisahau jina lake atanikumbusha kwa mwiko. Nilicheka naye. Lakini mtu anayeangaliwa makaa yake kila siku huanza kuyaangalia mwenyewe mara tatu, na mimi nilikuwa nimeanza.

Hayo yote yalitokana na maji.

Nyumba ya Lukumani ni ya wakati wa Wazungu, imejengwa kwenye mteremko. Ukiingia kwa mbele uko juu. Ukizunguka upande wa chini unakuta mlango mwingine, wa chumba ambacho nusu yake imechimbwa ndani ya kilima, na ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo. Hapo ndipo nilipolala tangu mjukuu wangu Shafiki azaliwe. Hapo pia ndipo Zam, mke wa Lukumani, alipoweka cherehani zake mbili na vitambaa vyake, maana Zam ni fundi wa nguo. Kwenye kona kuna bomba na karo la kunawia. Nilikuwa na kitanda changu, na kapeti nene la kijani ambalo Lukumani alilileta kwa ajili ya magoti yangu. Mchana kutwa Zam alikuwa akishona na kunisimulia habari za mji. Sikutaka zaidi ya hapo.

Usiku mmoja wa mwezi wa nane mvua ilinyesha tangu magharibi bila kupumua. Zam alikuwa Yumbe, msibani. Shafiki alikuwa shuleni, bweni. Umeme ulikatika. Niliamka kulitafuta birika langu nikakanyaga maji, yakanifika juu ya vifundo vya miguu, baridi. Niliita. Lukumani alishuka mbio, akanibeba mgongoni kama mzigo wa kuni, akanipandisha juu na kunifunika blanketi lake mwenyewe. Kisha akarudi chini peke yake.

Nataka nieleze aliyoyafanya, kwa sababu wakati ule niliyaona yote kuwa wema. Kabla hakujapambazuka vizuri alikuwa ameyafagia maji yote nje. Alilikunja kapeti, akalipakia kwenye pikapu yake, akaenda kulitupa mbali. Aliosha kuta kwa sabuni na brashi. Aliosha vitambaa vya Zam kimoja kimoja, yeye mwanamume, akavianika. Niliposhuka nimsaidie alinirudisha. "Mama, utateleza. Kaa." Nikakaa juu nikamwombea dua.

Saa mbili aliniletea chai, akakaa karibu nami, akanishika mkono.

"Mama," alisema, "ulifungua bomba?"

"Bomba lipi?"

"Lile la chini. Nimelikuta wazi, na karo limezibwa na kitambaa."

"Sikufungua bomba, Lukumani."

"Labda ulifungua ukasahau. Maji yalikuwa yamekatika jioni, kisha yakarudi. Na mvua ilikuwa na kelele, usingesikia. Si kosa lako, Mama. Hata mwezi uliopita uliunguza maharage."

Ni kweli niliyaunguza maharage. Hayo maharage ndiyo yaliyonishinda. Laiti angenifokea ningebishana naye. Lakini alisema polepole, mkono wangu ukiwa ndani ya mikono yake, na mtoto akikuambia jambo kwa upole namna hiyo unaanza kuliona. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshauona mkono wangu ukifungua bomba.

Zam aliporudi alikuta vitambaa vyeupe vya mavazi ya kwaya vimeingiwa na rangi ya vitambaa vyekundu, na mota ya cherehani moja imekufa. Nilipiga magoti mbele yake, mimi mama mkwe wake, nikamwomba msamaha. Alinishika mabega akaninyanyua haraka. "Mama, usinifanyie hivyo," alisema. Lakini hakunitazama machoni. Lukumani alikuwa amesimama mlangoni, na aliniona chini pale.

Ijumaa ile alinipeleka Dranya nikapumzike mpaka chumba kikauke. Tulifika watu wakitoka msikitini. Alisalimiana nao mmoja mmoja, akawaambia, tena kwa huruma, "Mwangalieni Mama, anaanza kusahau." Alimwambia Keji. Alimwambia imamu. Tangu siku hiyo wanawake wa kisimani walinisemesha polepole na kwa sauti kubwa.

Zilipita wiki tatu ndipo Zam akanipigia simu.

"Mama, fundi wa sakafu anakuja kesho. Lukumani anasema aweke chochote, lakini mimi nimesema chumba kile ni cha Mama. Njoo uchague."

"Nikishachagua, nitarudi kulala humo?"

"Mama, tuongee ukifika. Naogopa. Si kwa ajili ya vitambaa, vitambaa vinapatikana. Leo ni bomba, kesho je, likiwa jiko?"

Niliona tu kwamba nina safari moja ya kumwonyesha Zam kwamba bado nina akili yangu, na kama nikishindwa nitazeekea mbali nao.

Basi asubuhi ile, baada ya Keji kuniuliza habari za taa na moto, nilifunga kikapu changu cha simsim, nikatia na birika langu, nikaondoka. Pale Koboko dereva alinikalisha mbele bila kuombwa, na mwanamke mmoja mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini alikishika kikapu changu magotini mwake mpaka Arua. Sikumjua jina. Mungu anamjua.

Zam alinipokea kwa chai isiyo na tangawizi, kwa sababu tangawizi inanichoma tumbo. Amekasirika au hajakasirika, Zam hasahau jambo hilo. Lukumani alikuwa Oraba, mpakani, ambako anashughulikia karatasi za mizigo ya wafanyabiashara. Angerudi kesho yake.

Fundi alikuja saa nne. Jina lake Anicet, mtu wa Ariwara, upande wa Kongo, mwenye mvi chache na vipande vya tairi alivyojifunga magotini ili yasiumie. Alivua kofia aliponisalimia.

"Mama, wanasema wewe njo mkubwa wa hii chumba. Unataka nini? Kapeti tena?"

"Kapeti hapana. Kapeti likinywa maji halitapiki."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama iko fundi! Na vigae?"

"Vigae vinateleza," Zam alisema. "Na Mama anatawadha humu."

Neno kutawadha lilikuwa limeturudisha kwenye bomba.

Anicet aliona, sijui aliona nini, lakini alifungua mfuko wake haraka na kupanga sakafuni vipande vitatu vya saruji, kila kimoja ukubwa wa sahani. Vilikuwa na rangi, lakini si rangi ya juu. Nilikwaruza kimoja kwa ukucha, hakikutoka kitu.

"Hii si rangi ya kupaka," alisema. "Ya kupaka inakaa juu, mayi ikikuja inabanduka. Hii ni dawa. Namwaga juu ya saruji, inatoka povu, inaingia ndani, inaongea na saruji. Halafu naosha, napaka nta, inang'aa. Mayi ikikuja unafagia tu. Lakini sikia, Mama. Wewe utachagua rangi, na sakafu nayo itachagua kidogo."

"Vipi?"

"Kila saruji inajibu yake. Mutu alimwaga mafuta hapa zamani, tutaona. Alimwaga mukojo, tutaona. Hii dawa haifichi. Kama mutu anataka kuficha, aweke vigae."

"Sisi hatuna cha kuficha," Zam alisema.

Mimi niliinama juu ya vipande. Kimoja kilikuwa kama chai ya rangi, kimoja chekundu kama barabara ya kwetu Dranya. Cha tatu nilikilowesha kwa kidole, maana rangi ya sakafu inajulikana ikiwa mbichi. Kilikuwa kama simsim iliyokaangwa, kabla tu haijaanza kuruka kwenye kikaango.

"Hiki," nilisema.

"Kwa nini hiki, Mama?" Zam aliniuliza, na nilielewa kwamba ananipima.

"Chekundu kitakuchosha macho ukishona. Cha chai kitaficha sindano ikianguka, nami natembea bila viatu. Hiki sindano itang'aa juu yake."

Zam alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maji yale. "Ni kweli," alisema. "Hilo sikulifikiria."

Anicet hakuanza kazi siku hiyo. Alisema sakafu kwanza iulizwe kama imekauka. Alikata nailoni vipande vinne, akavibandika sakafuni kwa utepe pande zote: kimoja karibu na bomba, kimoja katikati, viwili chini ya ukuta wa nyuma. Unyevu ukiwapo chini, alisema, utapanda na kukusanyika ndani ya nailoni. Kisha kwa brashi alipaka dawa kidogo mahali pawili, karibu na bomba na kule ukutani, ili tuone rangi itakavyotoka. Povu lilitoa mvuke wenye harufu kali. Alitutoa nje, akafunga mlango na kusema tusiingie mpaka arudi.

Jioni, kabla ya magharibi, nililijaza birika langu nikaliweka kando ya kitanda cha Shafiki, maana huko juu ndiko nilikolala. Zam alikuwa akipita na mashuka.

"Mama, si ni mpaka alfajiri?"

"Ndiyo maana nalijaza sasa. Kwa mama yangu kisima kilikuwa mbali, na hatukuruhusiwa kutafuta maji gizani. Birika moja, linajazwa jioni, linatosha. Tangu nipate akili sijawahi kwenda kutafuta maji alfajiri."

Nilikuwa nikikunja khanga yangu huku nasema, kama mtu anavyosema jambo la kila siku. Zam hakuondoka. Alisimama na mashuka yake kifuani.

"Hata usiku ule?"

"Hata usiku..." nilisema, nikakwama. Nililikumbuka. Nililikumbuka birika limesimama palepale ndani ya maji, mguu wangu ukiligonga bila kulisogeza, zito, kifuniko kikiwa kimefunga. Zito kwa sababu lilikuwa limejaa.

"Lukumani anaijua desturi hiyo?" Zam aliuliza polepole.

"Yeye ndiye aliyekuwa akinijazia alipokuwa mtoto."

Usiku huo mvua ilinyesha, si kubwa. Nililala nikiisikiliza, na nilimwomba Mungu anisamehe kwa nilichokuwa nakifikiria juu ya mwanangu.

Asubuhi Anicet alifungua mlango, tukaingia nyuma yake. Nailoni ya karibu na bomba ilikuwa kavu. Ya katikati ilikuwa na ukungu kidogo. Zile mbili za ukutani zilikuwa zimejaa matone makubwa, na moja ilikuwa imevimba kama tumbo la chura. Anicet aliigusa kwa kidole. Kisha akageuka akalitazama bomba.

"Hii bomba imefungwa tangu lini?"

"Wiki tatu," Zam alisema. "Mume wangu alilifunga kwa waya. Huoni?"

"Naona. Njo maana nauliza." Alibandua nailoni na maji yakatambaa sakafuni. Alipiga magoti juu ya matairi yake, akaosha mahali alipopaka dawa. Kule kwenye bomba rangi ilikuwa imetoka sawasawa, simsim, nzuri, kama nilivyochagua. Kule ukutani ilikuwa imetoka na ndimi nyekundu, nyeusi kwenye kingo, zikianzia chini ya ukuta na kuja kuelekea katikati ya chumba.

"Mama, ona. Mayi ilitoka huku, ikaenda huku. Bomba iko kule chini. Mayi haipandi mulima." Alichukua msumari akachokoa ufa mdogo pale ukuta unapokutana na sakafu. Ulitoka udongo mwekundu, mbichi, akaupaka kwenye kiganja chake na kutuonyesha. "Na haikuwa mayi ya bomba. Ni mayi ya inje. Mutu ameosha hii ukuta, ameosha muzuri sana. Lakini saruji ilishakunywa."

Mutu ameosha hii ukuta. Nilikaa juu ya debe la nta.

Zam alikuwa ameshatoka. Nilimsikia akipanda ngazi za nje, nikamfuata polepole, Anicet akinishika kiwiko. Nyuma ya nyumba, upande wa juu, zamani palikuwa na mfereji mpana wa mawe uliopokea maji ya kilima na kuyapeleka kando. Sasa palikuwa na kifusi cha murram, ule udongo mwekundu wa barabara, kilichoshindiliwa vizuri, na juu yake alama za tairi za pikapu.

"Nilimwambia," Zam alisema. Alikuwa ameshika kichwa chake. "Kiangazi, alipoleta murram, nilimwambia, Baba Shafiki, mfereji huu haukuchimbwa na wajinga. Akaniambia mimi nishone, yeye anataka mahali pa gari. Tuligombana siku tatu. Mama, nilikuwa nimelisahau kabisa hilo, kwa sababu aliniambia bomba, na wewe ulisema ndiyo, ni mimi."

Kisha akapiga magoti kwenye murram ile ile. Nilimnyanyua kama alivyoninyanyua. Sasa alinitazama machoni, na machozi yake yalinidondokea mkononi.

Sikulia. Nilikuwa nikizirudia zile fadhila moja moja. Kapeti lililotupwa mbali, lilikuwa limejaa matope. Sabuni ya ukutani. Vitambaa vilivyooshwa kabla Zam hajaviona. "Mama, utateleza, kaa." Chai ya saa mbili. Hata mkono wangu mikononi mwake. Nilikuwa nimevihifadhi vyote hivyo moyoni kama mtu anavyohifadhi mbegu, na sasa kila nilichokigusa kilikuwa kimeoza. Kilichobaki kizima kilikuwa kimoja tu: alinibeba mgongoni, gizani, kabla hajapata wakati wa kufikiri.

Lukumani alirudi saa kumi. Tulilisikia gari likisimama mahali pake, juu yetu. Alishuka akitabasamu, na mfuko wa maembe mkononi.

"Mama! Umechagua?"

"Nimechagua. Njoo uone."

Aliingia. Alizitazama nailoni, na ndimi zile nyekundu, na udongo ambao Zam alikuwa ameuacha juu ya kipande cha gazeti. Kisha akamtazama Zam. Anicet alichukua kofia yake.

"Mimi naenda kunywa chai," alisema, ingawa chai yake ilikuwa palepale, imejaa.

"Lukumani," nilisema, "ulipokuwa na miaka saba, ni nani aliyekuwa akilijaza birika langu?"

"Mimi, Mama."

"Saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi ulijua."

Aliuweka mfuko wa maembe chini. "Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Nilipokuuliza kuhusu bomba nilidhani utakataa mpaka mwisho, nami nitaacha. Ukakubali."

"Ukaniachia nikubali."

"Zam alikuwa amenionya, Mama. Siku tatu. Nilipoona maji yale nilimwona yeye amesimama mlangoni. Nikasema, Mama atanisamehe, Mama anasamehe kila kitu. Zam ataondoka."

"Niondoke niende wapi, mjinga wewe?" Zam alisema. "Ningekupigia kelele siku mbili, halafu ningekupa jembe ufukue. Basi! Badala yake umemwacha mama yako anipigie magoti. Ulikuwa umesimama hapo. Hapo!"

Lukumani alikaa sakafuni akafunika uso. Niliuona utosi wake, unaanza kupungua nywele kama wa baba yake. Mkono wangu ulitaka kwenda pale, kama ulivyozoea. Niliuzuia. Alipohitaji kitu cha kutoa, alinitoa mimi, kwa sababu alijua silalamiki. Subira niliyomlea nayo, aliitumia.

"Dranya nzima wananisemesha kama mtoto mchanga," nilimwambia. "Keji ananihesabia makaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kujiogopa."

"Lala hapa leo, Mama. Chumba ni chako. Fundi amalize, urudi."

"Chumba kina maji."

Anicet aliporudi aliuliza kama avunje ile sehemu ya ukutani na kumwaga saruji mpya, ili rangi itoke sawa. Lukumani alisema ndiyo, haraka. Mimi nilisema hapana. Mfereji ufunguliwe kwanza, ukuta ukauke, ufa uzibwe, ndipo dawa ipakwe juu ya sakafu ileile. Anicet aliniuliza kama nimeelewa kwamba alama zile zitabaki. Nilimwambia nimeelewa.

Kesho yake Zam alinisindikiza mpaka kwenye gari la Koboko. Alinibebea kikapu, na ndani yake alikuwa ametia khanga mbili mpya zilizoshonwa pindo. Akaniambia, "Mama, nilikuwa nakupima ulipochagua rangi. Nisamehe." Nilimwambia alikuwa na haki, na kwamba nilijibu vizuri. Tukacheka kidogo.

Lukumani alikuja Dranya baada ya wiki tano, siku ya Jumanne asubuhi, peke yake. Nilikuwa nimetoka kuusiriba ukumbi wangu kwa udongo na samadi, na alivua viatu mbali bila kuambiwa, akapita pembeni mahali palipokuwa pamekauka. Hilo nililiona. Alileta sukari na sabuni. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Mfereji aliufukua mwenyewe, alisema, Zam alimkataza kutafuta kibarua. Kisha akanionyesha picha ya sakafu kwenye simu yake.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa simsim tupu kutoka mlangoni mpaka katikati, iking'aa kwa nta, na kule ukutani ndimi zile nyekundu zimelala chini ya mng'aro kama mizizi. Cherehani ilikuwa imehamishiwa upande wa dirisha na kitanda changu kilikuwa kimetandikwa. Kwenye kona, juu ya bomba, waya haukuwapo tena.

"Rudi nyumbani, Mama," alisema.

Nilitaka kurudi. Sitadanganya. Nilisikia cherehani ya Zam masikioni mwangu.

Wakati huo Keji alipaza sauti kutoka uwanjani kwake. "Lukumani! Umekuja kumwona mgonjwa wetu? Mwambie Zam asihofu, wiki hii hajaunguza kitu!"

Lukumani aliinua kichwa. Nilingoja. Mimi ni mtu wa kungoja, nilimngoja azaliwe siku mbili.

"Asante, shangazi," alijibu. "Endelea kumwangalia."

Nilimmiminia chai. Niliweka sukari vijiko viwili, anavyopenda.

"Hukumwambia," nilisema.

"Nitamwambia, Mama. Si kwa kupiga kelele hivi. Watu wataniona vipi? Zam anajua. Wewe unajua. Si inatosha?"

Nililipima jibu lake, kwa sababu ni mwanangu na nilitaka linitoshe. Halikutosha. Alikunywa chai akaimaliza. Aliangalia saa, akasema kuna lori linamngoja Oraba. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, maana mgeni husindikizwa. Keji alikuwa amesimama na mwiko wake, akitutazama. Nilivishika viganja vya mwanangu vyenye vidonda nikavigeuza juu, nikaviangalia.

"Ukifika vipake mafuta ya moyaa," nilimwambia. "Na Zam mwambie sakafu ni nzuri, nitakuja kuilalia. Lakini sitatoka hapa nikiwa mgonjwa aliyepona. Uliwaambia watu hawa siku ya Ijumaa, mlangoni mwa msikiti, mmoja mmoja."

"Mama..."

"Njoo tena Ijumaa, mwanangu. Njoo mapema, kabla hawajatawanyika."